Habari za Ng'ombe Wako, Remigius

Ni mwaka mmoja sasa, Remigius Margwe, tangu ulipofumba macho asubuhi ya ukungu, ule ukungu wetu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa mashambani mpaka jua lipate nguvu. Jumamosi iliyopita tumekusomea misa kigangoni, kisha tumekula makande nyumbani kwako Mbulumbulu. Yametokea mambo ambayo ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Kwa kuwa hukuwepo, tunakusimulia. Wengine wasikilize wakipenda, lakini habari ni yako.

Ulikuwa dereva wa malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, tangu wakati ule barabara ilikuwa vumbi la kufika magotini. Hukumpita mama aliyebeba kuni bila kusimama. Watoto wa njiani uliwapakia juu ya magunia mpaka kona inayofuata, ukawashusha, wakarudi kwao kwa miguu wakiimba. Tingo wako, msaidizi wa lori, alikuuliza, "Mzee, hawa tunawapeleka wapi?" Ukamjibu, "Hakuna mahali. Tunawapeleka kufurahi."

Ulisema hivyo kwa sababu wewe mwenyewe ulifurahi ukiwa mtoto, na hukusahau. Dada yako Cresensia naye hakusahau. Ndiye mkubwa wako, ndiye aliyekubeba mgongoni, na sasa ni bibi wa wajukuu wengi. Mlikulia wote Mbulumbulu, pale ardhi inapokatika ghafla na Ziwa Manyara kuonekana chini likimeta kama bati jipya.

Siku hizo ng'ombe walilala ndani pamoja nanyi. Upande mmoja wao, upande mmoja watu, na ninyi watoto darini, ambako joto la ng'ombe lilipanda na kuwafunika kuliko blanketi lolote la dukani. Asubuhi mlitoka miguu mitupu kwenye umande. Ng'ombe akipumzika malishoni kisha akanyanyuka, mlikimbilia pale alipokuwa amelala mkasimama hapo, nyayo zipate moto. Dada yako alikuwa na nguvu za kukusukuma, lakini wewe ulikuwa mwepesi wa kuwahi. Mpaka leo akivaa soksi za sufu wakati wa baridi husema, "Hizi nazo ni nini? Hazifikii mahali pa ng'ombe."

Mlitafuna mabua ya mahindi mpaka midomo ikachanika. Mlifukia viazi kwenye majivu, mkapigania kile kilichoungua upande mmoja. Mliteleza kwenye mteremko wa majani juu ya kipande cha ngozi kikuukuu, na siku ngozi ilipokosekana mliteleza hivyo hivyo, ndiyo maana mama yenu alishona kiraka juu ya kiraka mpaka akasema, "Kaptula ya Remigius ilishakwisha zamani. Huyu anavaa viraka."

Lakini mchezo uliowashika kuliko yote ulikuwa ng'ombe wa udongo. Kule korongoni kulikuwa na udongo mweusi unaonata. Mlifinyanga madume, majike, ndama, mkawajengea zizi la vijiti. Wengi mvua iliwayeyusha. Mmoja ulimfukia kwenye jiko la mama, akaungua vizuri, akatoka wa kijivu, amevunjika pembe moja. Mkamwita Majivu.

Sasa, anayetoka kwetu anajua, na asiyejua tutamwambia. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Mmoja anampeleka kwa ndugu, mwingine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wabaki. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata samadi, na akizidiwa anaweza naye kumweka kwa mwingine. Lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na uzao wake ni wa mwenyewe. Siku akirudishwa, mtunzaji huachiwa mtamba, jike changa, wa shukrani. Wakubwa walifanya hivyo, na ninyi mlikuwa mkiwachungulia.

Basi siku moja ulimshika Majivu kwa mikono miwili, ukaenda kwa dada yako na uso wa mzee wa ukoo.

"Dada, nakuwekea ng'ombe."

"Maziwa nitakunywa?"

"Utakunywa."

"Na akifa?"

"Utaniletea ngozi, nitelezee."

Dada yako akampokea. Alipoolewa Rhotia, mama alimfungia kibuyu cha mbegu za maharage, naye akamzamisha Majivu katikati ya maharage, akaenda naye. Humo ndimo alimokaa miaka yote. Mbegu zilipandwa, zikavunwa, zikarudi kibuyuni, na yeye alikuwemo.

Nawe hukuacha kumuulizia. Ukawa mtu mzima, ukawa na lori, ukawa na mke na watoto, ukaota mvi. Kila siku ya mnada Karatu mjini mlikutana barazani kwa Mzee Swaleh, kwenye duka lake la kamba, majembe na taa za chemli. Hukusema shikamoo kwanza. Ulisema:

"Ng'ombe hajambo?"

"Hajambo. Amezaa."

"Amezaa nini?"

"Dume. Jekundu, lina baka usoni."

"Lisikie hilo! Angalia lisivunje uzio wa watu."

"Limeshavunja. Mwenye shamba anakutafuta."

Ndipo mnaamkiana. Mwaka wa ukame ng'ombe alikonda, mbavu zikahesabika. Mwaka wa mvua nyingi alipata kikohozi. Nyumbani kwako hukulisema hilo hata mara moja. Lilikuwa neno la barazani, la watu wawili.

Dada yako alipofiwa na mumewe ulikuja ukakaa naye pembeni ya nyumba. Watu walikuwa wakisema maneno mengi ya kufariji. Wewe ukainama sikioni kwake: "Ng'ombe hajambo?" Akacheka mle mle kwenye kilio, wakwe zake wakageuka kumtazama. Husema siku ile ndipo alipojua kwamba ataendelea kuishi.

Na ulipolazwa hospitali, sauti imeshakuwa ndogo, ulimuuliza tena. Akakujibu, "Hajambo. Ana mimba kubwa, yuko karibu." Ukasema, "Nitakuja kumwona ndama." Hukuja. Hilo ndilo lililobaki kifuani mwa dada yako kuliko machozi. Ng'ombe wako aliachwa na mimba, na mwenyewe hakupata habari.

Tuje sasa kwa Mzee Swaleh, mtu mwema, asiyependa haki ya mtu ipotee. Yeye miaka yote alikuwa akiwasikia akipima misumari. Siku ya matanga alimvuta pembeni mwanao Naftali.

"Kijana wangu, mimi siwezi kulala na jambo hili. Baba yako kaacha amana."

"Amana gani, Mzee?"

"Ng'ombe. Yuko kwa shangazi yako. Na uzao wake! Wallahi yule ng'ombe kazaa, kazaa, sijapata kusikia. Mimi ni shahidi, nimesikia kwa masikio yangu haya."

Naftali alishangaa, maana kwa shangazi yake ameona kuku na mbuzi tu. Lakini akafikiri kama yeyote wa kwetu angefikiri: shangazi ni mzee, hawezi kuchunga, bila shaka naye kamweka kwa mtu wa tatu, pengine mbali. Akamwambia dada yake Dorkasi. Wakakubaliana wasiharakishe, mtu asije akasema wanagawana mali na kaburi bado bichi. Walingoja mpaka mavuno yakaingia ndani, ndipo wakaenda Rhotia.

Walifika wakiwa wamechana nywele. Wakaongea habari za mvua. Wakaongea habari za nyati walioingia kwenye mahindi. Mwisho Dorkasi akasema, "Shangazi, hatukuja kwa ubaya."

"Kama hamkuja kwa ubaya, chai inapoa," akajibu dada yako.

"Ni habari ya ng'ombe wa baba."

Dada yako aliweka kikombe chini. "Nani amewaambia?"

"Mzee Swaleh," akasema Naftali. "Shangazi, hata kama wamebaki wachache, hata kama walikufa, wewe sema tu. Tutaelewa."

Pale kicheko kilimjaa Cresensia mpaka kooni, lakini kilifika kikasimama. Alimtazama Naftali aliyekaza uso kama wako ule wa mzee wa ukoo. Akaona jambo baya linakuja. Akienda ndani sasa hivi, akawaletea tonge la udongo, hawa wataondoka wakisema shangazi amekula ng'ombe wa marehemu, na juu yake anawafanyia mzaha. Mtu anayekula ng'ombe aliyewekewa, kwetu, hata maji hapewi kwa moyo mweupe. Na wewe ndiye pekee ungeweza kusema "kweli huyu ndiye", nawe umelala.

Basi akafanya kile anachokijua kuliko wote, akangoja. Akawaambia, "Ng'ombe wa baba yenu yupo. Hakufa. Lakini ng'ombe harudishwi jikoni, na chai mkononi. Siku ya kumbukumbu, watu wakiwepo, nitamleta mwenyewe. Na Swaleh awepo."

"Na uzao wake?" akauliza Naftali.

"Tutaongea huko."

Naftali akarudi akalijenga upya zizi lako. Alipewa likizo na kampuni ya utalii anayoifanyia kazi, akakata nguzo, akafunga fito mpya, akachimba mtaro wa mkojo. Majirani wakaona, wakauliza, wakaambiwa. Habari ikafika mpaka mashine ya kusaga Rhotia. Nashilu, rafiki wa dada yako anayeuza maziwa na aliyezaliwa huko juu Ngorongoro kwa wafugaji, alimwuliza mbele ya foleni nzima: "Yeyoo, mama, mimi ng'ombe nawajua. Mbona kwako sijawahi kusikia hata mlio? Au wako wamefundishwa kunong'ona?"

Wanawake wakacheka. Wengine hawakucheka, walitazama tu. Cresensia akajitwika unga wake. "Njoo Jumamosi, Nashilu. Uje na masikio yako."

Hakulala kwa raha majuma yale, hatutakuficha. Lakini hakuyumba. Alijua anachokileta ni cha kweli.

Jumamosi ikafika. Misa ikasomwa, makande yakapakuliwa. Mzee Swaleh alikuja na kofia yake nyeupe, akapewa kiti cha mbele kama shahidi. Naftali alisimama kwenye mlango wa zizi, kamba mpya begani. Watu wanakula na jicho liko barabarani, wanangoja vumbi la kundi. Akatokea dada yako peke yake, anatembea pole pole, amejifunga kitenge chake cha kanisani, kibuyu kwapani.

Naftali akamfuata. "Shangazi, ng'ombe wanakuja na nani?"

"Nimekuja naye."

"Yuko wapi?"

"Nipe kiti kwanza, mwanangu. Ametembea huyu, na mimi nimetembea."

Akaketi. Akaanza pale tulipoanzia sisi: darini, umande, mahali pa ng'ombe, mabua, ngozi ya kutelezea, kaptula ya viraka. Aliongea taratibu, hakumtazama mtu. Wazee waliokulia Mbulumbulu wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akasema, "Na viazi vya majivuni!" Mwingine, "Na ule upande ulioungua!" Watoto waliokuwa na simu ukutani wakasogea wakakaa chini. Akafika korongoni. Akafika kwenye jiko la mama. Kisha akainamisha kibuyu juu ya ungo. Yakamwagika maharage, yakamwagika, na mwisho akatoka Majivu, akaanguka ubavu, na pembe yake moja.

"Huyu ndiye ng'ombe wa Remigius. Aliniwekea. Nimemtunza. Namrudisha kwa watoto wake mbele yenu."

Mzee Swaleh akavua kofia, akaivaa tena.

"Huyu? Huyu ndiye niliyekuwa namwombea dua mwaka wa ukame?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Wote walikuwa wakimtazama Naftali. Ameunda zizi. Amesema mbele za watu kwamba ana ng'ombe. Kamba iko begani. Angeweza kuondoka, na angeondoka, udugu ungekatika pale pale kwenye ungo.

Akachuchumaa. Akamwokota Majivu, akamgeuza. Tumboni, pale ulipombana ulipokuwa ukimfinyanga mgongo, kuna alama ya dole gumba, ndogo. Naftali akaweka dole gumba lake juu yake, likafunika kote. Kisha akasimama na ule uso wako.

"Shangazi. Kwa desturi, ng'ombe harudi peke yake. Uzao uko wapi?"

Dada yako akajibu, "Uzao ulizaliwa mdomoni, mwanangu. Mdomoni kwangu na kwa baba yako."

"Lile dume jekundu lenye baka?"

"Hata hilo."

"Na lililovunja uzio?"

"Ndilo hilo hilo. Umejuaje?"

"Mzee Swaleh alinieleza wote, mmoja mmoja, na rangi zao," akasema Naftali, na sasa mdomo ulikuwa ukimcheza. "Mimi nimejenga zizi kubwa, Shangazi. Siwezi kulaza ng'ombe mmoja mwenye pembe moja humo. Uzao nautaka leo."

Akavua viatu vyake vya safari, akakunja suruali ya misa, akaelekea korongoni.

Ungewaona watu! Dorkasi alimfuata akiwa na gauni lake jeupe. Watoto walimpita mbio. Wazee wakainuka na fimbo zao, wakisema wanakwenda kutazama tu, na dakika hiyo hiyo wakawa wameloa mpaka viwikoni. Waliwafundisha wajukuu kukanda udongo ukatoka mawe, kumpa ng'ombe nundu kabla ya miguu, kumwekea miiba ya mgunga awe na pembe. Mwalimu mstaafu aliteleza kwenye majani, hatujui kama ni kwa bahati mbaya, maana alipanda akateleza tena. Mzee Swaleh naye alifinyanga wake, ulimi nje, akamwinua kwa fahari. Nashilu akamtazama.

"Mzee, huyo ni ng'ombe au fisi?"

"Ng'ombe, mama. Tazama pembe."

"Basi mfungie mbali na wenzake, asiwale."

Walirudi na kundi, Remigius. Jekundu lenye baka walilipaka udongo mwekundu wa njiani na majivu usoni. Wakawapanga kwenye zizi jipya, wakajaa nusu nzima, na fisi wa Swaleh akawa mlangoni kama mlinzi.

Naftali akachagua mtamba mmoja, bado mbichi, akamweka mikononi mwa dada yako. "Huyu ni wako, Shangazi, wa shukrani. Umetunza." Kisha akamtoa Majivu mfukoni, akampangusa kwa shati. "Na huyu nakuwekea. Baba alikuwekea, na mimi nakuwekea."

"Maziwa nitakunywa?" akauliza dada yako.

"Utakunywa."

Jumapili asubuhi, ukungu haujaondoka, simu ya dada yako iliita. Alikuwa Naftali, yuko njiani na watalii wake. Hakusema shikamoo.

"Ng'ombe hajambo?"

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao Naftali na Dorkasi na wenzao, wakwe zako, wajukuu zako wenye udongo kwenye kucha hadi leo, dada yako Cresensia na ukoo wote wa Margwe, Mbulumbulu na Rhotia. Anakukumbuka Nashilu. Anakukumbuka Mzee Swaleh, aliyesema sisi ni watu wa ajabu na kwamba mnada ujao atakaa barazani kusikiliza.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na tutawezaje, ng'ombe wako yuko kwetu. Ile habari uliyoondoka ukiingoja, dada yako anaomba ufikishiwe. Hajambo. Amezaa. Ni mtamba, wa kijivu kama mama yake, na pembe zote mbili ni nzima.